Muhuri Niliojigongea Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla ya saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ukaguzi wa nyama, cheti nimekikunja mfukoni, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, na gamboti mpya zinanibana vidole. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika kichinjio kidogo cha Kajiado mjini: ukuta wa mawe, paa la mabati, sakafu ya saruji yenye mfereji katikati. Inspekta Mkuu wetu, mzee wa Kimaasai mwenye masikio yaliyotogwa na saa aliyoivaa juu ya mkono wa koti, alinikabidhi muhuri na wino wa zambarau.

"Wale mbuzi sita pale," akasema. "Gonga."

Nikagonga. Mbuzi walikuwa wameshachunwa na kutundikwa, wanang'aa. Nikagonga bega, nikagonga paja, kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza akaniuliza, "Umeangalia ndani?"

"Nilifikiri wewe umeshaangalia, bwana."

"Mimi nilikuambia gonga. Sikukuambia nimeangalia. Huyu wa tatu, maini yake iko wapi?"

Sikujua. Yalikuwa kwenye karai chini ya meza, yamejaa minyoo. Alinipa kisu akanifanya nikate kila alama niliyokuwa nimegonga, vipande kumi na viwili, mbele ya wachinjaji waliokuwa wakicheka bila kujificha. Kisha akanivuta kando.

"Sikiza, kijana. Mama akinunua nusu kilo hawezi kuona ndani ya mbuzi. Anaona wino. Hiyo wino inamwambia kuna mtu aliangalia. Usigonge kitu hujafungua. Hata ikiwa ni mbuzi ya baba yako."

Maneno hayo niliyashika kuliko amri nyingine yoyote niliyopewa katika maisha yangu. Ndiyo maana haya ninayoyaandika yananiuma.

Nyinyi mnaoingia kazini siku hizi mna vitabu vizuri, lakini kazi ni ileile. Kwanza unamkagua mnyama akiwa hai: anatembeaje, pua ikoje, kinyesi kikoje. Kisha analala bomani usiku mzima bila chakula, maji tu, ili matumbo yapungue na asichafue nyama anapopasuliwa. Wenye ng'ombe walininung'unikia sana kwa hilo. Baada ya kuchinjwa ndipo kisu chako kinaanza kusema. Unapasua misuli ya shavu na moyo kutafuta tegu, yaani vile vifuko vya minyoo vinavyofanana na punje za mchele. Unapasua tezi, unakanda mapafu, unafungua mishipa ya ini.

Wenzangu wengi hawakupenda matumbo. Harufu yake inakaa kwenye kucha hadi Jumapili. Mimi niliyapitia yote, shubiri kwa shubiri, kwa sababu ugonjwa hupenda kujificha mahali ambapo watu wanaona kinyaa kuangalia. Nilikuwa nikiwaambia hivyo vijana wa mafunzo, kwa sauti ya mtu anayejua.

Baada ya miaka michache Afisa wa Mifugo wa Wilaya alinihamishia Bisil, kwenye soko la mifugo. Pale ndipo nilipopata jina. Mzee mmoja aliniletea ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa na kuchunwa huko alikotoka. Alinisalimu vizuri, "Supa," nami nikaitikia, "Ipa." Akaniambia ng'ombe alivunjika mguu tu, hakuwa na ugonjwa, nigonge muhuri aende zake sokoni.

"Matumbo yako wapi, mzee?"

"Nilipatia mbwa."

"Basi siwezi kugonga."

"Wewe unaniona mimi kama mwongo?"

"Sijasema wewe ni mwongo. Nasema sijaona."

Alinitukana kwa Kimaa kwa muda mrefu, na watu waliosimama pale wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yule ng'ombe alizikwa. Kuanzia hapo nikaitwa Mzee Fungua, kwa kuwa sigongi kisichofunguliwa mbele yangu, na nilipohamishiwa kichinjio cha Kitengela, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, jina lilikuwa limenitangulia kufika. Sikukasirika. Nililipenda, ukweli usemwe.

Tulipanga nyumba Kitengela, mimi na mke wangu, Mama Wekesa, kwenye ploti ya vyumba kumi na vyoo viwili vya nje. Sisi ni Wabukusu wa Bungoma. Mwanangu Wekesa alikuwa ameoa msichana wa Kikamba, Mwikali, nesi. Alipoolewa, alifundishwa desturi ya kwetu, kwamba mkwe na baba mkwe hawashikani mikono, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anachepuka. Binti zetu wenyewe siku hizi wanaipuuza, lakini yeye aliishika kuliko wao. Kila Krismasi nilisikia sauti yake tu, kutoka nyuma ya mlango wa jikoni: "Chakula kiko tayari, Baba." Jina langu hakuwahi kulitamka, na sidhani hata alilijua lote. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Damu niliiona kwanza kwenye choo asubuhi moja ya kiangazi. Nilijiambia ni pilipili. Nilipoiona tena nikajiambia ni bawasiri, nikanunua dawa ya kupaka. Mganga hajigangi, lakini mimi nilijiganga miezi saba. Ng'ombe mwenye damu kwenye kinyesi nisingemruhusu hata kuvuka lango. Mama Wekesa ndiye aliyegundua, alipofua nguo. Alivaa kitambaa kichwani, akanishika mkono kama mtoto, tukaenda kwa daktari.

Daktari alinieleza kwa upole kwamba lazima waingize kamera, mpira mrefu mwembamba wenye taa mbele, kupitia njia ya haja kubwa, waangalie utumbo mpana wote. Kulikuwa na hospitali ya binafsi pale Kitengela ambako mtaalamu alikuja mara moja kwa wiki na mashine yake. Nilitazama dirisha. Mke wangu ndiye aliyejibu, "Ataenda."

Siku ya kuamkia kipimo sikula. Nilikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na maji ya supu yaliyochujwa, na tangu saa kumi jioni nikaanza dawa: unga uliokorogwa kwenye lita nne za maji, wenye ladha ya chumvi na ndimu iliyooza. Nilimkumbuka kila ng'ombe niliyemlaza bomani bila majani. Lita ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili ilinitoa mbio. Nilienda kwenye kile choo cha nje mara kumi na tatu, jirani wakiwa wamekaa vibarazani mwao wanachambua maharagwe, na mama mmoja mcheshi akapaza sauti, "Mzee Fungua, leo umejifungua mwenyewe?" Ploti nzima ikacheka. Nilicheka nao, nikarudi mbio.

Asubuhi nilipewa gauni lisilo na mgongo. Nililala ubavu wa kushoto kwenye kitanda chembamba, uso ukutani, makalio yangu ya mtu wa miaka hamsini na kitu yakielekea mlangoni. Daktari alikuwa ananawa mikono. Nikasikia viatu vikiingia nyuma yangu, na trei ikiwekwa mezani.

"Mzee, vuta magoti yafike kifuani tafadhali. Usiogope, hatutakuumiza."

Sauti ile ningeitambua popote. Niligeuza kichwa. Juu ya barakoa yalikuwa macho tu, na macho hayo yaliniona na kunijua. Nilichojua ni kwamba Mwikali anafanya kazi wodi ya wazazi, Kajiado. Sikujua kwamba amebadilisha kazi mwezi huo. Aligeuka akatazama ukuta wa upande wa pili, mikono ameikunja kifuani, akasimama hivyo.

Niliteremka kitandani nikishika gauni kwa nyuma. Daktari aliuliza kuna nini. Mwikali alijibu bila kugeuka, "Mzee amekataa, daktari." Nilivaa suruali juu ya lile gauni, nikatoka nalo mpaka barabarani.

Hadi hapo, vijana, sijafanya kosa ninaloona haya kuwaambia. Mtu anaweza kukimbia. Aliyekimbia anaweza kurudi. Ningeweza kuomba siku nyingine na nesi mwingine. Lakini nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, macho yamemtoka. Kumwambia ukweli kulikuwa kumwambia kwamba mkwe wetu ameniona nilivyokuwa.

"Wamesemaje?"

"Wameangalia yote," nikasema. "Niko safi."

Alipiga magoti palepale. Jumapili iliyofuata aliwaita akina mama wa kanisa, akachinja kuku watatu, akamwita Wekesa na mkewe. Waliimba na kushukuru. Nikaombwa nisimame nitoe ushuhuda, nikasimama, nikatoa. Mwikali alikuwa akipita na sahani za wali. Alisikia kila neno. Aliweka sahani yangu kwenye kistuli mbali kidogo, kama desturi inavyotaka, macho chini, akaondoka. Wali ule sikuumaliza.

Mwaka ukapita. Nilitoboa mkanda wangu matundu mawili mapya. Damu ikawa ya kila siku, na tumbo likawa linanguruma na kukaza. Kazini niliendelea kupasua na kugonga. Mke wangu akisema nimekonda, nilimwambia ni sukari nimepunguza, na yeye, kwa kuwa aliniamini, akapunguza sukari pia.

Kisha asubuhi moja askari wa lango alikuja kuniita. "Inspekta, kuna sista anakutaka nje."

Mwikali alikuwa amesimama kando ya lori la kubebea ng'ombe, katika sare yake nyeupe. Mkwe kumfuata baba mkwe kazini kwake si jambo la kawaida. Nilitaka kuchepuka. Hakunipa nafasi, alinitazama usoni, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nione vizuri sura ya mke wa mwanangu.

"Baba, nisamehe. Kazini hatukubaliwi kutoa siri ya mgonjwa. Nyumbani si vizuri nikuongeleshe. Nimenyamaza mwaka mzima. Nikinyamaza tena utakufa, na mimi ndiye nitakuja kupika kwa matanga nikijua."

Nilitazama gamboti zangu, zina damu.

"Wekesa hajui. Mama hajui. Nimekuombea nafasi wiki ijayo, na mimi siku hiyo nitakuwa off. Kutakuwa na nesi mwanaume, hata hakujui." Akaligeukia lile lori. "Hapa ng'ombe anaweza kupita bila kuangaliwa?"

"Hapana."

"Basi, Baba."

Aliondoka. Nilirudi ndani nikajifungia kwenye kiofisi changu na nikalia. Nilikuwa na aibu ya kila aina: ya mwili, ya uwongo, na ile kubwa zaidi, kwamba mtoto wa watu alikuwa amebebeshwa mzigo wangu mwaka mzima akinipakulia chakula.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu. Alikuwa akichambua sukuma wiki. Hakuinua kichwa.

"Kwa hivyo nilimshukuru Mungu kwa uwongo?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wa kanisa?"

"Ndiyo."

"Mficha uchi hazai," akasema, "na wewe umeficha mpaka kwangu, mimi niliyekuzalia watoto watano." Akaendelea kuchambua mboga. Hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu alinikorogea ile dawa ya lita nne kwa mkono wake, akakaa nje kwenye kigoda kati ya mlango wetu na choo, na hakuna jirani aliyefanya mzaha.

Sasa niwaeleze kipimo chenyewe, kwa sababu wengi hufa kwa kukiogopa na hakistahili woga huo. Unalala ubavu, magoti kifuani. Unadungwa sindano ya kulegeza mwili, na dunia inakaa mbali kidogo. Daktari anapaka mafuta baridi, anaingiza kidole kwanza. Hapo aibu inafika mwisho, haina pa kwenda tena. Kisha mpira unaingia. Hauumi kama kidonda. Wanapuliza hewa ili utumbo ufunguke, na tumbo linajaa na kukaza kama la ng'ombe aliyevimbiwa. Kila mpira unapokata kona unabanwa, unavuta pumzi, unaachiwa. Utajamba, na hakuna atakayecheka. Nesi yule, kijana wa Kisaju, aliniwekea mkono begani akasema, "Toa tu hewa, mzee, hiyo ni ya hospitali." Kwa saa niliyokaa pale, muda mwingi ulikuwa wa kungoja.

Wengine hulala usingizi kabisa. Mimi sindano ilinilegeza tu, na skrini ilikuwa mbele yangu. Niliona utumbo wangu. Ulikuwa wa waridi, unang'aa kwa maji, na mishipa myembamba. Nilistaajabu: nilikuwa nimeona maelfu ya matumbo na sikuwahi kufikiri kwamba nami ninao utumbo, safi na mzuri namna ile. Mpira ulifika mwisho, ukaanza kurudi polepole, daktari akiangalia kila mkunjo. Aliangalia nyuma ya kila kona. Nikawa nakubali kwa kichwa. Mtu huyu alijua kazi.

Karibu na mwisho niliuona kabla hajasema. Uvimbe wa rangi ya nyama iliyochacha, kingo zimeinuka, katikati kidonda kinachotoa damu.

"Hiyo ningeitupa," nikasema.

Alichukua vipande vidogo vya kupima, nami sikusikia chochote. Nguvu ya sindano ilipoisha aliniambia nilichokijua tayari. Nikamuuliza ingekuwaje kama ningekubali kufunguliwa mwaka uliopita.

"Siwezi kuapa, mzee. Hizi huanza kama kinyama kidogo, kama uyoga. Ukipata mapema, unakata kwa waya hapohapo, mtu anaenda nyumbani. Inawezekana ingekuwa hivyo."

Walinipasua, wakatoa sehemu ya chini yote, pamoja na njia yenyewe. Nilipona, namshukuru Mungu, mara hii kwa kweli. Lakini tangu siku hiyo haja yangu inatokea ubavuni, kwenye tundu dogo jekundu, ndani ya mfuko wa plastiki uliobandikwa kwenye ngozi.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Walipiga hema uani mwa kichinjio, wakachoma mbuzi, vijana wakanichagulia mutura ya kwanza, ule utumbo uliojazwa nyama na damu. Inspekta Mkuu wangu wa zamani aliletwa kutoka Kajiado akitembea kwa fimbo. Alisimulia ile habari ya mbuzi sita na watu wakacheka tena kama wachinjaji wa siku ile. Kisha akainua fimbo yake.

"Kutoka hiyo siku," akasema, "huyu mtu hajawahi kugonga kitu hajafungua. Hata moja!"

Makofi yakalipuka. Mke wangu alikuwa kando yangu; hakupiga. Mwikali alikuwa nyuma ya sufuria za chakula, naye hakupiga. Mfuko ulikuwa umejaa chini ya shati langu jipya, joto ubavuni. Nilisimama kujibu, nikanuia kusema, nikamtazama yule mzee na furaha yake, nikasema, "Asanteni." Nikaketi. Kwa hiyo ameenda kaburini akiniamini, na hilo nalo ni langu.

Nimewaandikia nyinyi ili walau mahali pamoja pawe na maneno ya kweli. Yule mzee hakunidanganya: ugonjwa haujali wino. Wala desturi haikunikosea. Desturi ilimtaka Mwikali ageuze uso, akaugeuza. Haikunitaka mimi nimdanganye mke wangu. Hilo nililifanya kwa akili yangu mwenyewe, na nikaliita heshima.

Kubandika ule mfuko ni kazi ya vidole, na vyangu siku hizi vinatetemeka. Mke wangu macho yake yamefifia. Ngozi inayozunguka tundu huchubuka, ikiachwa inaoza. Kwa hiyo kila Jumamosi Mwikali huja kutoka Kisaju, wanakoishi na Wekesa, akiwa na mkoba wake. Ananawa mikono, anavuta kiti karibu na kitanda. Mimi naulalia ubavu wa kulia na kugeuza uso ukutani, kwa maana aibu haijaisha, na nimeacha kuingoja iishe.

"Baba, niangalie?" ananiuliza, kila mara, ingawa anajua jibu.

"Fungua, mama," namwambia. "Angalia."